Mwongozo kamili: kumsaidia mzee afanye mazoezi kwa simu, saa janja na video

Saa janja nyingi wanazopewa wazee hununuliwa kwa mapenzi ya kweli na kuishia kwenye mtoto wa meza. Wiki ya kwanza mzee huivaa ili kumfurahisha aliyempa. Wiki ya pili mwanawe anapiga simu: "Baba, mbona jana ni hatua mia tisa tu?" Wiki ya tatu saa imeisha chaji, na haichajiwi tena. Watu husema wazee hawaiwezi teknolojia. Mimi naona kilichoharibika ni kingine: namba ilitoka mkononi mwa mzee ikaenda kwa mtu mwingine, kisha ikamrudia ikiwa lawama.

Basi katika kila hatua utakayosoma hapa, shika jambo hili: namba ni mali ya mzee. Yeye ndiye anayeiona kwanza, anayeamua ina maana gani, na anayechagua nani mwingine aione. Nimeandika kana kwamba wewe ni mtoto, mjukuu, jirani au mhudumu wa afya unayemsaidia mtu wa miaka 60 na kuendelea. Kama mzee mwenyewe ni wewe, kazi ni nyepesi zaidi, maana hakuna wa kukunyang'anya namba yako.

1. Anza na jambo analolitaka, kifaa kitafuata

Kabla hujagusa simu, keti naye umuulize: ni jambo gani ulilifanya kwa urahisi miaka miwili iliyopita ambalo sasa unaliona zito? Usimuulize kama anataka kufanya mazoezi. Wengi watajibu "ndiyo" kwa adabu, na habari itaishia hapo. Swali la jambo lililokuwa jepesi likawa zito ndilo linaloleta majibu ya kweli: kupanda ngazi bila kusimama katikati, kuinuka sakafuni, kumbeba mjukuu, kuvaa viatu akiwa amesimama.

Liandike jibu kwa maneno yake mwenyewe, kwa herufi kubwa, mahali atakapoliona. Jibu hilo ndilo litakalochagua kifaa. Anayeishiwa pumzi njiani anahitaji kutembea, na kihesabu hatua kitamfaa. Anayeshindwa kuinuka kitini anahitaji mapaja yenye nguvu, na saa inayohesabu hatua haina la kumwambia. Makosa mengi ya ununuzi huanzia hapa.

2. Maswali ya afya

Kutembea kwa mwendo wake wa kawaida ni salama kwa wazee walio wengi. Mpeleke kwanza kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kama ana maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuzimia, pumzi inayokata kwa kazi ndogo, presha isiyotulia, upasuaji wa karibuni, au kama ameanguka ndani ya mwaka uliopita. Muulize daktari mambo matatu: harakati zipi aziepuke, dawa zake zinaingiliana vipi na mazoezi, na dalili zipi zikitokea asimame mara moja.

Swali la dawa ndilo linalosahaulika, na linagusa vifaa moja kwa moja. Saa nyingi hukadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kwa umri. Hesabu inayojulikana zaidi ni 220 ukitoa umri. Lakini mzee anayetumia dawa za presha au moyo za kundi la beta-bloka mapigo yake hayapandi kama ya wengine. Anaweza kuwa ametokwa jasho na saa ikamwambia bado hajaanza. Akiifuata, atajilazimisha kupita uwezo wake. Kwa mtu huyo, zima maonyo ya mapigo ya mazoezi kwenye saa na utumie kipimo cha kale ambacho hakihitaji chaji: mazungumzo. Akiweza kuongea sentensi nzima lakini hawezi kuimba, anajituma kwa kiasi cha wastani, na hapo ndipo panapotakiwa. Akiongea neno moja moja, apunguze mwendo.

Anayechoma insulini awe na kitu kitamu mfukoni, kwa sababu mazoezi hushusha sukari. Anayetumia dawa za presha au za kuongeza mkojo ainuke polepole, hasa anapotoka chini au kitandani.

3. Wiki moja ya kupima bila kubadilisha chochote

Hapa subira ya msaidizi hujaribiwa. Kwa siku saba mzee aishi kama kawaida huku hatua zake zikihesabiwa, bila lengo lolote. Ukiweza, ficha hata zile pete na mistari ya kusherehekea inayojaa kwenye kioo. Mwisho wa wiki jumlisha, gawanya kwa saba, upate wastani wake. Ukikuta 1,800, hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na haina aibu yoyote.

Ongeza vipimo viwili vidogo visivyohitaji kifaa zaidi ya saa ya kuhesabu sekunde. Cha kwanza ni kiti. Tumia kiti imara kisicho na mikono, kilichoegemezwa ukutani, chenye urefu wa sentimita 43 hivi. Mzee anakunja mikono kifuani, kisha anasimama wima na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Hesabu mara alizosimama. Kwa mfano, kwa umri wa miaka 70 hadi 74, mwanamume akipata chini ya 12 au mwanamke chini ya 10, yuko chini ya wastani wa rika lake na hatari ya kuanguka imeongezeka. Akilazimika kujisukuma kwa mikono, andika sifuri bila maneno mengi. Kazi ya kuanzia mmeshaijua.

Cha pili ni usawa wa mwili. Asimame karibu na meza nzito, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino cha mbele kikigusa vidole vya nyuma. Simama ubavuni mwake, mikono yako tayari kumdaka. Asipoweza kukaa hivyo kwa sekunde 10, mazoezi ya usawa yatangulie kabla ya kuongeza hatua.

Andikeni vyote kwenye daftari pamoja na tarehe. Programu hubadilika na akaunti hupotea, daftari hubaki.

4. Kuchagua kifaa

Kanuni yangu: kifaa rahisi kuliko vyote kinachoweza kufanya kazi inayotakiwa, na kimoja kwa wakati mmoja.

Kihesabu hatua cha kubana kiunoni kina kioo kimoja na namba moja. Hakihitaji intaneti, betri yake hukaa miezi, na mzee anakielewa dakika ile ile. Kwa wengi ningeanzia hapa. Simujanja nayo huhesabu hatua bila gharama ya ziada, mradi mzee ana tabia ya kutembea nayo mfukoni. Ikikaa mezani wakati yeye yuko bustanini, itamdhulumu.

Saa janja ina faida ya kukaa mwilini, na baadhi hutambua mtu akianguka na kuomba msaada. Apple ilianza kuweka uwezo huo kwenye saa zake mwaka 2018. Kabla ya kununua, mwache mzee ajaribu mambo matatu kwa mikono yake: kufunga mkanda, kusoma namba bila kutafuta miwani, na kuiweka kwenye chaja. Vidole vyenye baridi yabisi hushindwa na vifungo vidogo, na saa ambayo lazima avalishwe na mtu mwingine si yake tena.

Kuna kasoro moja ambayo lazima uijue. Saa ya mkononi huhesabu hatua kwa kuhisi mkono unavyotikisika. Mzee anayesukuma kigari cha kutembelea mkono wake umetulia, na anayeburuta miguu taratibu hatua zake ni laini mno kuhisiwa. Anatembea nusu saa, saa inasema hatua 140. Hakuna kinachokatisha tamaa kama hicho. Kwa hiyo jaribu mapema: hesabu kwa mdomo hatua 100, halafu tazama kifaa kimesoma ngapi. Kikikosea sana, kihamishie kiunoni au kwenye kifundo cha mguu ujaribu tena. Kikiendelea kukosea, acha hatua, hesabu dakika.

Video na simu za video zinafaa kwa mazoezi ya nguvu na usawa; nitazirudia huko mbele. Na asiye na simujanja hajatupwa nje. Simu ya kawaida ina kengele ya kumkumbusha muda, inapokea ujumbe mfupi, na inapokea sauti ya mtu anayempenda saa ile ile kila siku. Vitu hivyo vitatu ndivyo sehemu kubwa ya kinachofanywa na programu za bei kubwa.

5. Kukiandaa kifaa

Fanyeni pamoja, kifaa kikiwa mkononi mwake, wewe ukielekeza kwa mdomo. Itachukua saa nzima badala ya dakika kumi. Kubali.

Kuza maandishi hadi ayasome kwa umbali wa mkono ulionyooka, na ongeza mwangaza. Kisha nenda kwenye mipangilio ya mguso. Ngozi ya vidole ikikauka kwa umri, kioo hakiuhisi mguso vizuri. Mzee anabonyeza kwa nguvu na kwa muda mrefu, na simu inadhani ameomba jambo jingine kabisa. Simu nyingi zina sehemu ya kurekebisha muda wa mguso, na badiliko hilo moja huondoa malalamiko mengi ya "hii simu hainitii."

Zima arifa zote isipokuwa mbili: ukumbusho wa mazoezi na simu za watu wake. Weka programu ya mazoezi peke yake kwenye ukurasa wa kwanza, chini kulia kama anatumia mkono wa kulia.

Akaunti iwe kwa jina lake, na neno la siri aliandike mahali pake pa siri. Soma naye nini kinakusanywa: mahali alipo, mapigo ya moyo, usingizi, orodha ya marafiki. Programu ya kuhesabu hatua haihitaji namba za simu za marafiki zake, kwa hiyo ikiziomba, kataeni. Angalia pia kama programu ya bure ina kipindi cha majaribio kinachogeuka malipo ya kila mwezi, na usiiunganishe na akaunti yake ya fedha. Mwonye wazi kwamba programu ya mazoezi haitamtumia mtu wa kumuuzia dawa.

Mwisho, amueni chaji itakuwa lini, na muifunge kwenye jambo analolifanya kila siku bila kukosa, kama kuoga jioni.

6. Kumfundisha

Fundisha kitendo kimoja kwa siku. Siku ya kwanza: kuiona namba ya leo. Basi. Siku ya pili arudie mwenyewe, kisha ajifunze kuona ya jana. Mkono wako usiguse kioo. Ukikigusa mara moja "kumsaidia haraka," umemfundisha kwamba kazi hiyo ni yako. Aandike hatua za kufuata kwenye karatasi kwa maneno yake ("bonyeza kimoyo chekundu") hata kama si majina rasmi. Akikosea, mwonyeshe njia ya kurudi mwanzo na mrudie mara nyingi. Hofu kubwa ya wazee wengi ni kuharibu, na mtu anayejua njia ya kurudi haogopi kujaribu.

7. Kuweka lengo

Lengo la hatua 10,000 limewatisha wazee wengi bila sababu. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilienea kutoka Japani, ambako mwaka 1965 kiliuzwa kihesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi; lilikuwa jina la biashara lenye kuvutia. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 16,741 wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na vifo vichache waziwazi kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu 7,500 kisha ikatulia. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba hatua pekee ndizo zilizowalinda, lakini unaondoa ule ukuta wa elfu kumi.

Hata hivyo, usiache lengo kabisa. Uchambuzi wa tafiti za vihesabu hatua uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la JAMA uliona kwamba watu wazima waliovivaa waliongeza mwendo wao kwa zaidi ya robo, na kuwa na lengo la hatua kulikuwa sababu kubwa ya ongezeko hilo.

Chukua wastani wa ile wiki ya kwanza, ongeza hatua 300 hadi 500 kwa siku, na ukae hapo wiki moja au mbili. Mwenye 1,800 analenga 2,200. Akifikia siku tano kati ya saba bila maumivu yanayolala hadi kesho yake, ongeza tena. Akishindwa wiki mbili mfululizo, punguza wewe bila kungoja aombe. Anayetembea vizuri anaweza baadaye kutazama kasi: hatua 100 kwa dakika ni kadirio zuri la mwendo wa wastani kwa watu wazima, ingawa kwa mzee dhaifu mwendo wa chini ya hapo unaweza kuwa mzito wa kutosha. Kipimo cha mazungumzo ndicho kiamuzi.

Ukubwa wa safari yote umewekwa wazi na Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya 2020: kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na mazoezi mchanganyiko yanayotilia mkazo usawa na nguvu siku tatu au zaidi. Miongozo hiyo hiyo inasema kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Mwambie mzee sehemu hiyo kwanza.

8. Nguvu na usawa, ambavyo saa haivioni

Kama ningeruhusiwa kusisitiza sehemu moja tu, ingekuwa hii. Vifaa hutukuza kile vinachoweza kuhesabu, na vinahesabu hatua. Mzee anaweza kufikia lengo lake kila siku huku mapaja yakisinyaa na hofu ya kuanguka ikikua. Saa itampongeza hadi siku atakapoanguka.

Teknolojia inaweza kusaidia hapa pia, ila kwa njia nyingine. Australia walitengeneza programu ya kompyuta kibao iitwayo StandingTall, inayomwongoza mzee nyumbani kwa mazoezi ya usawa na kuyafanya magumu kidogo kidogo. Ilijaribiwa kwa watu 503 wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yakachapishwa katika jarida la tiba la BMJ mwaka 2021: katika miaka miwili, kasi ya kuanguka ilikuwa chini kwa asilimia 16 kwa waliokuwa nayo. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza tofauti haikuwa ya kutegemewa bado. Usawa hujengwa polepole, na anayeahidi matokeo ya siku 30 anamdanganya mzee.

Hata bila programu ile, panga siku tatu kwa wiki, dakika kumi kwa kuanzia. Kuketi na kuinuka kitini mara nane. Kuinua visigino akiwa ameshika meza, mara kumi. Kusimama kwa mguu mmoja huku vidole viwili vikigusa meza, sekunde kumi kila upande. Kutembea kwa mstari kando ya ukuta, kisigino kikigusa vidole. Kengele ya simu iite muda ule ule, na baada ya kila kipindi aweke alama kwenye daftari.

Akipendelea video, itazame yote wewe kwanza, tena ukiifanya. Chagua yenye maneno ya polepole, kiti kinachoonekana, na njia rahisi kwa kila zoezi. Ihifadhi kwenye simu ili isikwame katikati ya zoezi mzee akiwa kwenye mguu mmoja. Kioo kiwe usawa wa macho na kikubwa kadiri iwezekanavyo. Kuinamia simu iliyolala chini kunaharibu usawa ule anaoujenga. Zulia linaloteleza liondolewe, viatu vivaliwe, na waya wa chaja usipite miguuni. Asitazame simu hata mara moja akiwa anatembea.

9. Sauti za watu

Anayempigia simu mzee baada ya matembezi asianze na namba. Aulize: "Umepita wapi leo, mama?" Namba ikitajwa, itajwe na mama mwenyewe. Akitaka mjukuu aione kila siku, mwashie kushirikisha. Asipotaka, zima, na usiifungue kwa siri kwa kisingizio cha usalama. Msaada wa kuanguka unaweza kuwashwa bila kufungulia watu takwimu zake zote.

Mashindano ya hatua huwachangamsha wengine na kuwaumiza wengine. Kundi likishindana kwa jumla, yule wa hatua 2,000 atakuwa wa mwisho daima. Shindaneni kwa siku ambazo kila mmoja amefikia lengo lake mwenyewe. Bora zaidi, wazee wawili wafanye mazoezi ya kiti pamoja kwa simu ya video, simu zikiwa zimeegemezwa. Kila mmoja atajua kwamba mwenzake anamsubiri.

10. Akikatika

Atakatika. Mafua, safari, msiba, goti kuvimba. Programu zinazohesabu siku mfululizo humwadhibu mtu kwa kurudisha hesabu sifuri, na wazee wengi huacha siku hiyo hiyo. Zima kipengele hicho tangu mwanzo. Baada ya kuugua wiki moja au zaidi, arudi kwa nusu ya lengo lake la mwisho na apande tena taratibu. Akiwa amelazwa hospitali au ameanguka, rudini kwa daktari na kwenye vipimo vya kiti na usawa kabla ya kurudi kwenye saa.

11. Pimeni tena

Baada ya wiki sita, na tena baada ya kumi na mbili, rudieni kiti, usawa na wastani wa hatua, kisha msome lile jambo aliloandika siku ya kwanza. Je, ngazi zimekuwa fupi? Kuinuka kumekuwa kwepesi? Akisema ndiyo ilhali hatua zimebaki pale pale, liaminini jibu lake. Hatua zikipanda na jambo lake likibaki zito, basi mnapima kitu kisicho sahihi, na mazoezi ya nguvu yanahitaji kuongezwa.

Pale mzee atakapokwambia kwamba saa imemchosha lakini atembea kila asubuhi na jirani yake, mwache aivue. Ihifadhi ikiwa na chaji, mwombe aivae wiki moja kila baada ya miezi mitatu kwa ajili ya kupima, na siku zilizobaki aende zake.